Ramani Isiyo na Majina

Daftari la Noemi lilikuwa na maswali mia na kumi na mawili, na hakuna hata moja alilolitunga mwenyewe. Aliyaokota kwenye mitihani ya wenzake. Tangu Februari alikuwa akikaa viti vya nyuma, kalamu mkononi, anasikiliza Profesa Gargiulo na msaidizi wake wanavyowahoji watu historia ya Roma, na kila swali lililowatoka vinywani aliliandika kabla halijapoa. Mlango wa mtihani wa mdomo haufungwi. Anayetaka kuingia kusikiliza huingia, na katika Napoli yote hakuna mwanafunzi mwenye akili zake anayekwenda kuhojiwa bila kwanza kuchungulia wengine wanavyohojiwa.

"La sitini na tatu," alisema Noemi asubuhi ile ya Juni. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi nje ya chumba cha mtihani, migongo ukutani. "Sheria ya ardhi ya Tiberio Grako."

"Jugera mia tano, ekari zao hizo za Kiroma, za ardhi ya dola kwa kila mtu," alijibu Bi Ersilia, macho kayafumba. "Mwenye watoto wa kiume anaongezewa, lakini zisizidi elfu moja. Ziada irudi, wagawiwe wasio na kitu. Maseneta wakamuua kwa miguu ya viti."

"Miguu ya viti! Hiyo umeitia chumvi."

"Chumvi ya nini? Imeandikwa. Walivunja viti wakamtwanga navyo. Mimi nimefuta viti vya shule miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Najua mguu wa kiti una uzito gani."

Noemi akacheka mpaka daftari likamdondoka. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Bi Ersilia Capuano alikuwa na sitini na mmoja. Walijuana mwaka wa kwanza wa Noemi, siku binti yule alipomkuta mama wa makamo amekaa kiti cha mbele akadhani ni mama wa mwanafunzi aliyekuja kuulizia mtoto. Tangu siku hiyo walisoma pamoja.

Bi Ersilia hakuwahi kumficha mtu alikotoka. Alikuwa mhudumu wa sekondari moja ya masomo ya kale kule Vomero: kupiga kengele, kupiga deki, kugawa chaki, kupika kahawa ya walimu. Alikuwa na kijichumba chake karibu na lango, chenye jiko dogo la umeme, kabati la chaki, na ukutani ramani kuukuu ya turubai, dunia yote ya Waroma, iliyotupwa na darasa moja baada ya kununuliwa mpya. Kila Jumamosi aliipangusa kwa kitambaa kibichi. Akaipangusa miaka mingi, kwa usafi na kwa mapenzi, mpaka majina yote yakafutika ikabaki nchi ya kahawia na bahari ya buluu.

Lakini hasa alikuwa na korido. Ukipiga deki korido ya shule saa nne asubuhi, unasikia kila kitu. Alisikia Kigiriki mlango wa kwanza, Kilatini mlango wa pili, Hanibali akivuka milima mlango wa tatu. Mwaka baada ya mwaka yale yale, hadi akawa anajua mwalimu atatania wapi na Hanibali atakwama wapi. Na kila mwaka alisikia mwalimu akiuliza swali, darasa zima likanyamaza, na yeye yuko nje na tambara la deki, jibu limemjaa mdomoni, hakuna wa kumwuliza.

Ndiyo maana, alipofikisha miaka hamsini na mitatu, akaenda kujiandikisha chuo kikuu. Mitihani miwili kwa mwaka, mwaka mwingine mitatu. Huu wa leo ulikuwa wa mwisho. Tasnifu ilikwisha kupokelewa. Akifaulu leo, tarehe kumi na mbili Julai anavishwa taji la majani kama wahitimu wote.

"Dada yako bado hajanunua lozi?" aliuliza Noemi.

"Amenunua."

"Mama yangu! Kabla ya mtihani?"

"Kilo tatu. Nyekundu. Zimo kabatini, nimemwambia nikisikia hata ule mfuko ukichakarisha namfukuza nyumbani."

Noemi akajigusa masikio mara mbili kuondoa nuksi. Lozi za sukari nyekundu ni za mhitimu. Kuzileta nyumbani kabla ya alama ya mwisho ni kumkaribisha shetani kisha ukamwandalia kiti.

---

Chumbani kulikuwa na meza mbili. Ya dirishani alikaa Profesa Gargiulo, mzee mrefu mwenye sauti ya taratibu, na pembeni yake daftari kubwa la alama. Ya karibu na mlango alikaa msaidizi wake, Dokta Ludovica Imparato, aliyerejea kutoka Ujerumani mwezi Januari. Hapo ndipo palipokuwa na kamwiba ka Bi Ersilia. Ludovica alimjua. Alikuwa mwanafunzi wa shule ile ile, miaka kumi na minane iliyopita. Tangu aone jina lake limebandikwa mlangoni, Bi Ersilia alikuwa akipita mbali, kitambaa cha kichwa kimeshushwa hadi nyusi, akiomba aitwe meza ya dirishani.

Mbele yao kijana mmoja alimaliza kwa Profesa.

"Ishirini na moja kati ya thelathini," alisema mzee.

Kijana alifikiri kidogo. "Naikataa, Profesa."

"Haya. Tuonane Septemba."

Basi, yakaisha. Hakuna aliyeshangaa wala kununa. Alama isiyokuridhisha unaikataa, haiandikwi, na msimu ujao wa mitihani unarudi kana kwamba hukuwahi kukaa pale. Kitu hicho ni haki ya mwanafunzi, na kwa wengi ndiyo haki pekee wanayoijua kwa moyo.

Noemi aliitwa na Dokta Imparato, akakaa dakika arubaini. Aliulizwa ngano iliyolimwa Sisilia. Aliulizwa vita vya Waroma na washirika wao, na kwa nini washirika walichonga kwenye sarafu zao fahali anayemkanyaga mbwa mwitu. Alijibu, akayumba, akashika njia, akayumba tena. Dokta hakumtisha ila hakumwachia. Kila alipojaribu kuchepuka alikuta swali jingine limemsubiri kwenye kona. Ishirini na nne. Akaikumbatia alama yake, akatoka jasho linamtiririka, akamnong'oneza Bi Ersilia, "Jitahadhari. Ana meno."

"Capuano," aliita Dokta Imparato.

Bi Ersilia aliinuka. Dokta alipomwona alibadilika uso. Kwanza hakuamini, kisha akaamini, kisha akafanya jambo ambalo watahini hawafanyi: alisimama. Akazunguka meza, akamsogezea kiti.

"Bi Ersilia! Ni wewe kweli? Profesa, huyu bibi alikuwa mhudumu wa shule yetu. Mimi amenilea huyu."

Chumba kizima kikageuka. Bi Ersilia alikaa, mikono magotini. Mle kichwani mwake yalikuwamo maswali mia na kumi na mawili, yote yamepangwa kwenye mstari kama askari.

"Haya," alisema Ludovica, na sauti yake ilikuwa laini mno. "Nieleze mada yoyote unayoipenda mwenyewe."

Aliyapenda mengi. Akachagua watumwa walioachwa huru. Akaeleza kofia waliyovikwa siku ile, jina la bwana walilolichukua wakatembea nalo hadi kaburini, maduka waliyofungua, makaburi waliyojijengea kando ya barabara ili kila mpita njia ajue kuwa na wao walikuwa watu. Alieleza vizuri, na mwenyewe alijua anaeleza vizuri.

"Na baada ya kuachwa huru, waliendelea kudaiwa nini?" aliuliza Ludovica, ingawa ilikuwa wazi kwamba jibu lilikuwa njiani linakuja.

"Heshima. Na siku za kazi. Kila mmoja aliapa kwamba kila mwaka atamfanyia bwana wake wa zamani siku kadhaa za kazi."

"Vizuri sana. Una la kuongeza?"

Lilikuwapo, akaongeza. Ludovica akafunga kitabu.

"Profesa, thelathini."

Dakika kumi na moja. Noemi alikuwa na saa mkononi, na baadaye ndiye aliyeitaja hesabu hiyo, lakini Bi Ersilia hakuhitaji kuambiwa. Mashavu yalikuwa yanamwaka. Alisubiri swali la pili, la kweli, lije. Halikuja. Huko nyuma mtu alinong'ona, si kwa ubaya, kwa uchovu tu wa mtu ambaye zamu yake bado:

"Ningejua, ningepiga deki mimi pia."

Na mwingine akachekea puani.

Profesa Gargiulo alishavuta daftari, kofia ya kalamu kaivua. "Capuano Ersilia. Thelathini. Hongera, bibi."

"Naikataa, Profesa."

Kalamu ikaganda hewani. "Unakataa nini?"

"Alama."

"Alama ni thelathini, bibi. Ndiyo ya mwisho. Hakuna thelathini na moja." Kisha uso wa mzee ukanawiri, kama mtu aliyelipata jibu la fumbo. "Aha! Nimekuelewa. Bibi anataka na pongezi juu yake. Imparato, hukumpa pongezi? Basi mpe pongezi, mtoto wa watu akapumzike."

"Na pongezi zake naikataa pia."

Sasa hata wale wa nyuma wakainua shingo. Profesa alivua miwani. "Nimekaa meza hii miaka thelathini na minane. Wamekataa kumi na nane. Wamekataa ishirini na tano. Mmoja alikataa ishirini na tisa, naye alikuwa mwana wa waziri. Thelathini sijaona. Una sababu?"

Bi Ersilia alimtazama Ludovica, akaona jinsi midomo yake ilivyokuwa imekauka. Akashindwa kumsema mbele za watu.

"Sijakamilisha kusoma Hispania," alisema.

---

"Hispania!" Noemi alimfuata kwenye ngazi, akiruka mbili mbili. "Hispania nini? Hajakuuliza Hispania!"

"Hajaniuliza kitu."

"Kakuuliza!"

"Kaniuliza nipendacho. Wewe kakuuliza nini? Ulitoka mle umelowa kama uliyetoka baharini. Mimi nimetoka mkavu."

"Bi Ersilia, mimi ningepewa hata tano za ziada ningebusu meza."

"Ungebusu kwa sababu una miaka ishirini na mmoja. Mimi nina muda wa mtihani mmoja tu tena maishani, nataka uwe mtihani."

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Dada yake, Titina, alikuwa mdogo kwake kwa miaka minne, ila sauti alimzidi mara kumi. Alikuwa anakaanga pilipili hoho. Aliposikia, alizima jiko, akakaa, akainuka, akawasha jiko tena.

"Rudia. Wamekupa thelathini."

"Wamenipa."

"Ukaitupa. Kama maganda ya viazi."

"Nimeikataa, Titina, si kuitupa."

"Ndugu yetu Rafele kakata tikiti ya treni kutoka Stutgati! Mwenye kiwanda kampa ruhusa ya Julai, si ya mwezi mwingine! Nimeweka meza ya watu ishirini na wawili! Nimenunua lozi!"

"Habari za lozi nilikwambia."

"Ah, kosa la lozi sasa! Lozi ndizo zilizokufungua mdomo ukasema naikataa?" Titina akaipigapiga sufuria kwa mwiko. "Septemba ukianguka je?"

Bi Ersilia akavuta kiti, akakaa. Swali hilo alikuwa amelibeba njia nzima tangu chuoni. Kwa jeuri yake mwenyewe alikuwa ameirudisha shahada iliyokwisha kufika mkononi, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Septemba itarudi. Huenda wale vijana walikuwa wakweli. Huenda aliyoyajua yote ni yale ya dakika kumi na moja.

---

Jumamosi asubuhi kengele ya mlango ililia. Titina alikuwa sokoni. Bi Ersilia alifungua, maharage mabichi yamo ndani ya aproni, akamkuta Dokta Ludovica Imparato na kifurushi cha keki, kama mtu aliyekuja kumwangalia mgonjwa.

"Ingia, mwanangu. Kaa. Chukua bakuli, unisaidie."

Walimenya maharage. Ludovica hakuwa hodari. Alivunja ganda na punje pamoja. Mwishowe akasema:

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Umenihurumia."

"Ulijibu vizuri! Ile ya makaburi ya kando ya barabara, wanafunzi wa uzamili hawaisemi vile."

"Nilijibu nililolichagua. Hata kasuku akichagua mwenyewe neno la kusema, hakosei."

Ludovica akaweka maharage chini. "Unakumbuka ule mwaka baba alipoondoka nyumbani? Kila siku ya Kigiriki nilikuwa nakimbilia kwako. Nakaa chini ya ile ramani, unanipa kahawa yenye maziwa, ukiulizwa unasema hujaniona. Ulidanganya walimu kwa ajili yangu. Mimi nisingemaliza shule ile. Sasa wewe unakuja, unakaa mbele yangu, mimi nianze kukutafutia mahali usipopajua? Mkono wangu ulikataa."

"Nakumbuka." Bi Ersilia alipangusa vidole. "Ila umekumbuka nusu. Nilikuwa nakuficha nusu saa. Baada ya hapo nilifanya nini?"

Ludovica aliokota ganda, akalivunja.

"Nilifanya nini, Ludovi?"

"Ulikuwa unanitoa."

"Nilikuwa nakutoa. Ulikuwa unalia, unanishika aproni, nami nakusukuma hadi mlango wa darasa, nagonga mwenyewe, nakwambia: ingia, kosea mbele ya watu, haiui. Siku ya kwanza ulipewa nne kati ya kumi. Nikakusubiri nje na ndoo yangu. Nilijua utapewa nne. Je, nilikupenda kidogo kwa kukusukuma?"

"Hapana."

"Basi na mimi nisukume." Akachukua ganda jingine. "Juzi nilikueleza habari za waliodaiwa siku za kazi. Mimi si bwana wako wa zamani. Hukuapa mbele yangu. Hudaiwi hata siku moja. Miaka thelathini na mmoja nimesikia maswali wanaulizwa wengine, na kwenye mtihani wangu wa mwisho wewe ukaniuliza napenda nini. Hata Titina haniulizi hivyo, na ni dada yangu."

Ludovica alicheka huku anajifuta jicho kwa mkono wenye utomvu wa maharage, likamwasha, akalazimika kwenda kunawa. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni.

"Nikikuuliza kikwelikweli, unaweza kuanguka."

"Najua."

"Nami sitakuachia."

"Ukiniachia nitajua. Na nitakataa tena, Septemba, Januari, mpaka Profesa afe kwa mshangao."

---

Julai ikapita. Rafele alikuja na tikiti yake, akala chakula cha watu ishirini na wawili wakiwa watu sita, akarudi Ujerumani akiwa amenenepa. Agosti jiji lilikauka watu, maduka yakashusha milango, na Bi Ersilia akasoma jikoni, miguu ndani ya beseni la maji. Noemi alikuja kila Alhamisi. Daftari lilikuwa limefika maswali mia na thelathini na saba. Titina aliapa hatamsemesha dada yake hadi atakapofaulu, kiapo kilichodumu siku mbili. Siku ya tatu alichukua daftari akaanza kuuliza yeye, kwa kelele, akiyakosea majina yote.

"Nani alimshinda huyu Yugu... Yugu nani?"

"Yugurtha. Mario."

"Uongo!"

"Kweli."

"Kwa nini basi hapa kaandikwa Sila pia?"

"Sila alimkamata, Mario akachukua sifa. Ndiyo mwanzo wa chuki yao."

Titina akaguna. "Kama wewe na mimi na ile meza ya mama."

Tarehe kumi na saba Septemba, saa nne, chumba kilikuwa kile kile. Meza mbili, dirisha, daftari. Habari ya bibi aliyekataa thelathini ilikuwa imezunguka chuo kizima, na viti vya nyuma vilijaa watu wasiokuwa na mtihani wowote siku ile. "Kinywani mwa mbwa mwitu," alisema Noemi, kama watu wa kwao wanavyomtakia heri anayekwenda kuhojiwa. "Afe huyo," alijibu Bi Ersilia, maana hujibu vingine.

"Capuano."

Ludovica hakusimama. Alimwonyesha kiti kwa kalamu, kama alivyowaonyesha wote.

"Vita vya washirika. Mji mkuu wao ulikuwa upi, na waliuita nini?"

"Korfinio. Wakauita Italika."

"Walitaka nini?"

"Uraia wa Roma."

"Wote?"

Hapo alisita. "Si wote. Wasamniti walitaka kuondokana na Roma kabisa. Wale hawakutaka kuingia nyumbani, walitaka nyumba ianguke."

"Ushahidi?"

Na hivyo wakaenda. Ngano. Kodi ya Asia na waliokuwa wakiikusanya. Baraza la seneti lina haki gani na desturi gani, maana si kitu kimoja. Mara mbili Bi Ersilia alikosea mwaka, mara moja akajirekebisha. Mara moja alisema, "Sijui," na neno hilo, ambalo alidhani litamchoma, lilitoka kinywani bila shida, likakaa mezani kati yao. Ludovica aliliandika na kwenda mbele. Jasho lilimshuka Bi Ersilia shingoni. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine, kama furaha ya mtu anayepanda ngazi ndefu na miguu bado inakubali.

Kisha Ludovica akafungua kabrasha, akatoa karatasi pana, akaitandaza mezani.

Nyuma Noemi aliguna kwa sauti. Maswali mia na thelathini na saba, na hili halikuwamo. Ilikuwa ramani. Nchi na bahari, mito kama nyuzi, na hakuna jina hata moja.

"Niwekee miji," alisema Ludovica, akimpa penseli. "Nitakutajia."

Bi Ersilia aliitazama ile karatasi, na kifuani kitu kikatulia. Ilikuwa ya rangi nyeupe na nyeusi, ndogo, lakini aliijua. Mkono wake ndio ulioijua. Miaka mingi aliupitisha mkono huo kwenye pwani zile na kitambaa kibichi, ukishuka kwenye paja la Italia, ukizunguka kisigino, ukipanda upande wa pili.

"Kapua." Akaweka nukta. "Nola." Nukta. "Puteoli." Hiyo aliweka kabla Ludovica hajafunga mdomo, watu wa nyuma wakacheka. "Korfinio. Akwilea. Kartago. Korintho. Efeso. Pergamo." Mashariki alikwenda bila kunyanyua penseli, Aleksandria, Antiokia, akarudi kwa njia ya Sirene.

"Sagunto."

Penseli ikasimama.

"Numansia."

Haikwenda. Bi Ersilia alitazama ule upande wa kushoto, lile dongo kubwa la nchi lililotokeza baharini, na mkono wake haukuwa na la kumwambia. Alisoma Hispania vitabuni majira yote ya joto, alijua kuzingirwa kwa Numansia siku kwa siku, njaa yao na moto wao. Lakini mahali? Aliweka nukta moja kusini. Akaweka nyingine, kwa kubahatisha, juu ya pwani ya magharibi.

"Una uhakika?"

"Sina."

"Sagunto iko mashariki, pwani hii. Numansia iko ndani, kaskazini huku. Umekaribia kuitupa baharini." Sauti ya Ludovica haikuwa na huruma wala ukali. "Bi Ersilia, umeniwekea miji kumi na miwili kana kwamba umezaliwa katika yote, Antiokia hukuikosea hata kwa unywele. Hispania imekuwaje?"

Bi Ersilia akaweka penseli chini. Alitaka kusema sijui tena. Kisha akakumbuka, na kicheko kikaanza kumtekenya tumboni.

"Hispania, Dokta, ilikuwa nyuma ya kabati."

Kwanza Ludovica hakuelewa. Halafu akaelewa. Alikiona kile kijichumba, jiko, ramani, na kabati la chaki limesukumwa ukutani upande wa kushoto, limeimeza Hispania nzima na pwani ya Mauritania. Alifunika uso kwa mikono miwili, mabega yakimtikisika. Profesa Gargiulo akauliza kutoka dirishani kama kuna mtu anaumwa.

"Hapana, Profesa," alisema Ludovica alipoweza. Alijipangusa, akahesabu alama zake kwenye karatasi, polepole, akahesabu mara ya pili. "Ishirini na sita."

Mzee alivuta daftari. Safari hii kofia ya kalamu hakuivua. Alimtazama Bi Ersilia juu ya miwani, na viti vyote vya nyuma vilimtazama pia.

"Bibi? Tunaipokea, au leo tena kuna jambo?"

"Iandike, Profesa," alisema Bi Ersilia. "Iandike kabla wino haujakauka."

Nje kwenye ngazi Titina alikuwa anangoja na mfuko wake. Joto la Agosti lilikuwa limezishikanisha zile lozi zikawa donge moja jekundu, na alikuwa akilibamiza kwenye ukingo wa ukuta ili livunjike. Alipoona uso wa dada yake aliacha kubamiza.

"Ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Ishirini na sita!" Titina aliinua mikono mbinguni, donge la lozi likiwa mkononi. "Juni ulikuwa na thelathini, zimetolewa bure, umekaa tu! Umehenya miezi mitatu ili upunguziwe nne?"

Bi Ersilia aling'oa lozi moja kutoka kwenye donge, akaitia mdomoni. Ilikuwa ngumu kama jiwe. Akaigeuza kwa ulimi, taratibu, akisubiri sukari ilainike.

"Zile nne zipo," alisema. "Ziko nyuma ya kabati."